Kiti Kilichopungua Sentimita Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na nauomba kwa haraka, maana Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa kusimama mbele ya kamati ya uchunguzi nieleze jinsi mbao zinavyonywea, na hizo mbao, mshauri, hazikunywea.

Mimi ni fundi seremala wa jumba la mikutano, huu mwaka wa kumi na tisa, na kama uliona kwenye habari wiki iliyopita marais wawili wa nchi jirani walivyokuja kwetu kupatanishwa, basi vile viti viwili vya bluu nilivitengeneza mimi, na kazi ile haikuwa ya kitoto, kwa sababu wale wazee hawajapeana mkono miaka mitatu na watu wao walikuwa wanapima kila kitu, mlango mmoja waliukataa kwa kubishania nani atangulie, ikabidi tutoboe ukuta tuweke mlango wa pili ili waingie kwa pamoja, bendera zikapimwa, glasi za maji zikapimwa, hata maua ya upande mmoja yalionekana yamechangamka kuliko ya upande wa pili tukaambiwa tuyaondoe yote. Mama Itifaki, ndivyo tunavyomwita mkuu wetu wa mapokezi ya wageni, alikuwa anatembea na futi ya chuma mkononi kama fundi. Viti vilipimwa mbele ya maofisa wa pande zote mbili, kimo cha kukalia sentimita arobaini na sita kila kimoja, wakatia sahihi, chumba kikafungwa, na ufunguo akapewa shemeji yangu, mtunza stoo, kwa amri moja tu: asimfungulie mtu mpaka maofisa wote wawili wawepo.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu mkubwa, yule aliyenilea baada ya mama kufariki, na huyo shemeji ndiye aliyeniingiza kwenye jumba hili nikiwa sijui hata kushika randa.

Asubuhi ya mkutano nikamwendea nikamwambia, "Shemeji, nipe ufunguo dakika tano nipanguse vumbi," akasita, akaniangalia, akanipa kwa kuwa ni mimi, na kweli nilipangusa, halafu nikavikalia viti kama ninavyofanya siku zote, na kile cha kushoto kikacheza. Kidogo tu. Mshauri, kiti kikicheza mimi siwezi kukiacha, hata nikiwa msibani huwa nakigeuza nikague miguu, basi nikatoa msumeno mdogo nikakata mguu mmoja kipande chembamba kama biskuti, kikacheza upande wa pili, nikakata na huo, kikahamia nyuma, nikakata tena na tena, jasho linanitoka, ving'ora vya magari navisikia kwa mbali, mpaka kikatulia. Nilipoinama kuokota vipande ndipo nikaona zulia limeinuka kidogo, na chini yake umepita waya wa vipaza sauti. Kiti hakikuwa na kosa lolote. Nikavitia vipande mfukoni mwa ovaroli, nikarudisha ufunguo.

Saa nne wakaingia, kila mmoja na mlango wake, wakakaa, na ukumbi mzima ukaona. Yule wa kushoto ni mtu mrefu, magoti yakampanda, akawa kama baba aliyeitwa kwenye kikao cha wazazi akapewa kiti cha mtoto, na mwenzake anamtazama kutoka juu, na wapiga picha hawakumhurumia. Kufika mapumziko picha zilikuwa zimeshaenea nchini kwa huyo wa kushoto, ofisa wao akaja na futi, akapima, akapata arobaini na nne. "Mmetudhalilisha makusudi," alimwambia Mama Itifaki, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo sauti ya chini ilinitisha kuliko kelele. Wakaondoka bila kutia sahihi, daraja la mpakani lililokuwa lifunguliwe limebaki limefungwa, na wamesema watarudi iwapo tu watapewa maelezo ya kweli kabla ya Jumatano ijayo.

Shemeji alisimamishwa kazi siku ile ile. Walipomuuliza nani aliingia chumbani alijibu, "Ufunguo ulikuwa kwangu," na hakuongeza neno.

Jumamosi dada akanifuata karakana, macho yamevimba, akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye fundi. Hebu niambie, kiti kinaweza kupungua chenyewe?" Nikausikia mdomo wangu unasema, "Mbao hunywea, dada. Ukumbi ule una baridi ya mashine, mbao hunywea sana." Akanishika mashavu, akalia kwa furaha, na ile kauli akaibeba moja kwa moja mpaka kwenye kamati, na kamati imeipenda, ndiyo maana nimeitwa kama mtaalamu.

Jumapili nilikula kwao mchana. Shemeji hana kinyongo, nadhani zile dakika tano amezisahau, maana angekumbuka angeshanitaja. Alikuwa mchangamfu, hata meza yao ilipotikisika nikainama kuikagua alinizuia, akakunja karatasi akaisukuma chini ya mguu, akacheka, "Sisi wengine hukunja karatasi tu, fundi, mambo yakaisha." Nikacheka naye.

Sasa nikisema kweli nafukuzwa, pengine nafungwa, nina watoto watatu, na dada sijui atanitazama kwa jicho gani. Nikisema mbao zimenywea, shemeji anarudi kazini, Mama Itifaki anapumua, marais wanarudi mezani. Je, uongo unaookoa watu wote nao ni dhambi? Nishauri, maji yamenifika shingoni. Vipande bado ninavyo mfukoni.

Fundi wa Viti

*

Fundi,

Jibu hili nakutumia kwa simu leo hii Alhamisi, maana ukisubiri gazeti utakuwa umeshasimama mbele ya kamati na mbao zako zinazonywea. Kuchapa tutachapa baadaye, na ni pale tu utakapotupa ruhusa.

Pole. Naijua hiyo hali ya kutenda jambo dogo kwa nia njema halafu likakua mpaka likakushinda kulitazama. Hukutaka kumdhalilisha mtu. Ulitaka kiti kitulie. Lakini pole yangu inaishia kwenye ule waya, kwa sababu tangu ulipouona umefanya mambo mengine, na hayo hayakuwa bahati mbaya.

Hebu tuanze na huo utaalamu wako. Viti viwili, mbao za aina moja, chumba kimoja, baridi moja. Kimoja kinanywea sentimita mbili kabla ya saa nne asubuhi, mwenzake wala hana habari? Unadhani wale jamaa hawana seremala kwao? Atakigeuza kiti chini juu, ataona miguu imekatwa juzi juzi, haina rangi wala msasa. Ndipo watasema wenyeji waliwadhalilisha, kisha wakawaletea na fundi wa kuwadanganya. Leo kosa ni la msumeno wako. Jumatatu, ukifungua mdomo vibaya, litakuwa la serikali yako nzima, na daraja hilo wajukuu zako watalikuta limefungwa. Umeniuliza kuhusu uongo unaookoa watu wote. Nimewatafuta hao watu humu kwenye barua yako, sijamwona hata mmoja anayeokoka.

Kweli ndiyo itakayowatuliza hao wageni, na unayo mfukoni. Mtu aliyetumwa kupunguza kiti hukata miguu minne sawasawa, mara moja, akaenda zake. Vipande vyako, naweza kuapa, havilingani: kimoja kinene, kingine chembamba, mguu mmoja umekatwa mara mbili. Yeyote atakayeviweka mezani ataona hapa hakukuwa na njama, alikuwepo fundi mmoja mwenye kichaa cha viti. Usivitupe. Usivipige msasa. Usivifanye chochote, tafadhali, najua mikono yako inawasha.

Sasa shemeji yako. Unasema amesahau. Fundi, wewe ni mtu mzima! Mtunza stoo aliyepewa amri moja tu, akaivunja mara moja tu, kwa ajili ya mtu mmoja tu, atasahau vipi? Anajua. Amejua tangu picha ya kwanza. Unasema angekumbuka angekutaja. Hapo umejieleza wewe, hukumweleza yeye. Wiki nzima amekaa nyumbani bila kazi, analo jina lako mdomoni, mkewe analia pembeni yake, na hajalitamka. Na ile karatasi aliyokunja, ulidhani anakufundisha habari za meza? Alikuwa anakuambia kwamba anajua, akakuachia nafasi useme mwenyewe. Wewe ukacheka, ukaendelea kula.

Ninachotaka ufanye ni hiki, na ukifanye leo. Ukitoka kazini nenda kwa dada yako, wakiwepo wote wawili. Mwambie yeye kwanza kwamba mbao hazikunywea, kwa sababu ndiye uliyemtuma mbele ya kamati akaseme uongo bila kujua. Atakufokea. Mwache afoke, usijitetee, usitaje watoto wako. Kesho asubuhi nendeni kwa Mama Itifaki, wewe na shemeji, mkiwa na mtu wa chama cha wafanyakazi, na vipande vikiwa ndani ya bahasha. Omba zulia lifunuliwe mbele ya mashahidi, waya upigwe picha pale pale ulipo. Shemeji aliteleza kukupa ufunguo, hilo nalo lisemwe lilivyo, msilipake rangi. Kisha uombe kitu kimoja: yule ofisa mwenye sauti ya chini akija kuelezwa, umweleze wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na vipande mkononi.

Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Ila shemeji yako yeye ameshaanza kuipoteza kwa niaba yako, na hukumlipa hata neno moja.

Nenda basi. Utakapofika, ukae pale mezani uliposhindwa Jumapili, useme yote bila kupumzika. Na hiyo meza ikitikisika, iache.