Kabichi ya Mshtarii

Same, Jumanne jioni

Tangu lini karatasi ikafundisha! Mimi nilizipanga sayari uwanjani: punje nne za maharage kwa zile za ndani, na mbali kidogo kabichi yangu, ndiyo Mshtarii. Darasa la sita walinisikiliza vizuri.

Ndipo Mwalimu Naomi akatundika chati ya rangi, kaletewa na kaka yake anayefuata mitumba Taveta. Zohali na pete zake! Watoto wote wakanikimbia.

Jioni akabisha hodi. "Dada, nigawie ile kabichi. Leo hatuna mboga."

Nikamwambia bado nina somo nayo kesho.

Nimeila yote peke yangu, na ugali. Kesho watoto wataniuliza Mshtarii imekwenda wapi, na Naomi atakuwepo.