Zuhura Ubavuni mwa Mwezi

Kibokoni, Mombasa
14 Januari

Mwanangu Kache,

Assalaam aleikum. Hali yako waionaje huko? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu latutesa na upepo wa baharini haufiki kwenye uchochoro wetu. Fatema wa ghorofa ya chini yuwakusalimu. Ghulam dukani naye yuwakusalimu, asema Bondeni nzima haina tena mtu wa kumsahihishia hesabu zake.

Usishangae kupata karatasi. Ukinipigia simu nasikia neno moja kati ya matatu, mara wakatika. Na huo ujumbe wa kuandika, herufi zake ni kama mchwa. Nimeona heri nikuandikie kwa kalamu, nimpe makanga wa basi la Nairobi, nao huko watakupitishia mpaka Lodwar. Ndani ya mfuko kuna achari ya maembe, mabuyu, na dera nililokushonea. Ukiona mkono mmoja umepinda, ni cherehani ya Ghulam, si mimi.

Nieleze shule yenyewe. Walala wapi? Wala nini? Watoto wakusikiliza? Tangu nilipokupokea kwa marehemu ndugu yangu ukiwa mdogo, hujawahi kukaa mbali nami hivi. Lakini nikipita barabarani watu waniuliza, "Kache yuko wapi?" nami nawajibu, "Yuwafundisha fizikia." Hata asiyejua fizikia ni nini huitikia kwa adabu.

Shangazi yako,
Sidi


Karibu na Lodwar, Turkana
6 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima wewe na jirani zetu wote. Mimi sijambo. Mfuko ulifika umejaa vumbi, lakini achari haikumwagika. Walimu wenzangu wameimaliza kwa ugali na sasa wananiuliza shangazi yangu atatuma lini nyingine. Dera limenikaa vizuri. Mkono umepinda kweli, ila nikikunja hauonekani.

Nalala kwenye nyumba ya walimu, chumba kimoja na dirisha linaloelekea mto mkavu wenye mikoma, jamaa ya minazi yetu. Wiki ya kwanza nililia, sitakuficha. Sasa nimezoea. Wasichana wananisikiliza zaidi nikiwatoa nje ya darasa kuliko ndani, na jioni hapa anga liko wazi mno, hakuna taa za mji.

Basi nina ombi. Tarehe ishirini ya mwezi huu, baada ya magharibi, mwezi mchanga utapita mbele ya Zuhura. Ile nyota yenye mwanga mkali uliyokuwa ukinionyesha tukianua nguo. Si nyota, ni sayari, lakini hilo liache. Mwezi utamfunika, atapotea, kisha atatokea upande wa pili. Nimewaambia wasichana, na mmoja anaitwa Ashley hakubali mpaka aone. Nimewaahidi kwamba nina mtu Mombasa atakayetazama saa hiyo hiyo. Panda juu ya paa, utazame, uniandikie ulichokiona. Usimuulize mtu mwingine. Nataka maneno yako mwenyewe niwasomee darasani.

Mwanao,
Kache


Kibokoni
22 Februari

Mwanangu Kache,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kusikia walimu wenzako wapenda achari. Nyingine iko juani, ikiwiva nitaituma. Huku twaendelea. Ghulam amenipumzisha cherehani kidogo, sasa napiga pasi sare za shule na kupanga oda. Ni kazi nyepesi, nami sikatai kupumzika.

Ombi lako nimelitimiza. Nalipanda paani mapema, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, peke yangu kama ulivyosema. Mwezi ulikuwa mzuri, mwembamba. Naye Zuhura alikuwa yuwang'ara, kisha mwezi ukamfunika. Alipotea kabisa, mwanangu, ukadhani hajawahi kuwapo. Kisha akatokea upande wa pili, mwangavu kama mwanzo. Nalisema subhanallah. Waambie wasichana wako kwamba mwalimu wao hakuwadanganya, na huyo Ashley aanze kuamini watu wazima.

Jihadhari na hilo vumbi. Funga kitambaa puani.

Shangazi yako,
Sidi


Karibu na Lodwar
9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo. Nimeiandika mara tatu, na mbili nimezichana.

Sisi hapa tulimwona Zuhura akipotea. Aligusa ukingo wa mwezi upande wa kushoto, akazimika, na baada ya muda mfupi akachomoza. Wasichana walipiga vigelegele, hata mlinzi akaja mbio akidhani kuna nyoka. Kesho yake nikawaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelipima nilipokuandikia. Niliwaambia kila mmoja afumbe jicho moja, anyooshe kidole mbele ya taa, kisha asogeze kichwa. Kidole hakijasogea, taa haijasogea, lakini ukihama kidogo tu taa yaonekana ubavuni mwa kidole. Na mwezi ni hivyo hivyo. Tulipiga hesabu ubaoni kwa pamoja, tukaona kwamba sisi tulikuwa ukingoni mwa eneo ambako Zuhura hufunikwa. Mombasa iko kusini mno. Kwenu mwezi ulimpita karibu sana, lakini haukumgusa. Wakati wote huo alikuwa ubavuni mwake, anang'aa.

Wasichana wakawa wanaisubiri barua yako ili wahakikishe. Ilipofika nilianza kuwasomea. Nikafika pale ulipopanda paani, nikaona kilichoandikwa mbele, nikasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Shangazi, sikukuuliza ili nikutege. Naapa. Lakini nimezitoa barua zako mbili nikaziweka pamoja. Herufi zimekuwa kubwa, na mistari inashuka nje ya karatasi. Kisha nikakumbuka mkono wa dera. Wewe ndiye uliyeshona nguo zangu zote za Idd na sijawahi kuona mshono wako ukipinda.

Niambie ukweli. Macho yako yako vipi?

Mwanao,
Kache


Kibokoni
17 Machi

Kache,

Salaam. Barua nimeipata. Macho yangu hayana neno. Pengine kulikuwa na wingu.

Sidi


Karibu na Lodwar
25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hukuandika "Shangazi yako". Hilo limeniuma kuliko yote.

Leo nimemwona mwalimu mkuu nikamuuliza jinsi ya kuomba uhamisho wa kurudi Pwani. Amesema shule haina mwalimu mwingine wa fizikia, lakini hawezi kunizuia. Nikikosa uhamisho nitaacha kazi nije. Siwezi kukaa huku nafundisha watoto kutazama mwezi, na wewe unashuka zile ngazi zetu kwa kupapasa.

Mwanao,
Kache


Kibokoni
2 Aprili

Mwanangu Kache,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, na macho ndiyo hayo umeyagundua.

Usiombe uhamisho. Nakusihi kabla ya neno jingine lolote. Nalijua utafanya hivyo, na ndiyo sababu nalinyamaza.

Basi sikiza. Ilianza mwaka jana, kabla hujapangiwa shule. Kwanza taa zikawa na mashada ya mwanga pembeni. Kisha uzi ukawa haupiti tunduni, nikasema ni sindano mbovu. Nalikwenda kwa daktari siku uliyorudi kutoka Nairobi na barua yako ya kazi. Akaniambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Akasema huo utando utatolewa kwa upasuaji mdogo na nitaona. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kukwambia. Nikakukuta sebuleni umeitandaza ile barua mezani, umewaita Fatema na wanawe waisome. Ningesemaje? Ungeikunja ukaiweka kabatini, ukabaki kunishika mkono.

Kisha ulipoondoka nikaogopa. Nimezaliwa sijawahi kulala hospitali. Nikifikiria mtu yuwanigusa jicho kwa chuma, navaa buibui kisha nalivua. Kila wiki nasema wiki ijayo. Ghulam alijua kabla yangu. Nalimkatia mteja suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, naye hakunikemea. Alisema tu, "Dada Sidi, pasi ina upweke, kaa nayo kidogo."

Ile jioni nalipanda paani kweli. Niliuona mwezi kama samli iliyomwagika kwenye kitambaa. Zuhura sikumwona, wala sijamwona kwa muda mrefu. Nikakaa pale mpaka adhana ya isha, nikasema labda atajitokeza. Baadaye nikakuandikia yale maneno yako mwenyewe, uliyosema yatatokea. Sikujua kwamba mbingu ya Mombasa na ya Lodwar zaweza kusema mambo mawili.

Likizo yako ya Aprili iko karibu. Njoo unipeleke kwa daktari. Nikiwa nawe nitakwenda. Lakini shule ikifunguliwa urudi. Ukiacha kazi kwa ajili yangu, wallahi sitakufungulia mlango.

Shangazi yako,
Sidi


Karibu na Lodwar
16 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu, lakini nililala njia nzima. Jicho la kushoto, walilolipasua mwisho, linaendeleaje? Fatema aliniahidi atakutilia dawa kila saa yake, mwambie nitamuuliza. Usiinue ndoo. Usipike kwa kuni hata kama wageni wamejaa.

Bado nacheka nikikumbuka ile asubuhi daktari alipofungua bandeji ya jicho la kulia. Mimi nilikuwa nimeshikilia mkono wako, nalia, nasubiri useme neno kubwa. Ukanitazama, ukasema, "Mbona umekonda hivi?" Daktari mwenyewe alishindwa kujizuia.

Nimewasimulia wasichana, maana uliniruhusu. Ashley akauliza kama shangazi yangu sasa ataona vizuri kuliko sisi. Nikasema huenda.

Tarehe kumi na nane Juni, saa ya magharibi, mwezi utapita mbele ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Safari hii sikwambii lolote. Hesabu ya Mombasa nimekataa hata kuipiga.

Mwanao,
Kache


Karibu na Lodwar
19 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumai unaendelea vyema. Sisi wazima, ila tuna huzuni kidogo. Jana vumbi lilipanda tangu alasiri, na magharibi ilipofika hatukuona hata mwezi wenyewe. Wasichana walisimama uwanjani na leso usoni mpaka wakaitwa bwenini. Hatukuona kitu, Shangazi. Tunakutegemea wewe.

Mwanao,
Kache


Kibokoni
28 Juni

Mwanangu Kache,

Assalaam aleikum. Wasalimu wasichana wote, uwape pole. Mimi ni mzima na macho yangu ni mazima, la kushoto limepoa kabisa, silitilii dawa tena.

Kabla ya mwezi nikueleze ya nyumbani. Pazia la sebuleni nililodhani ni la rangi ya maziwa kumbe ni jeupe pe. Ukuta wa ngazini ni mchafu na hakuna mtu aliyeniambia. Nimeupaka chokaa. Ghulam amezeeka, masikini, nami nimejitazama kwenye kioo nikamsamehe. Amenirudishia cherehani yangu.

Sasa nisikilizeni. Huku anga lilikuwa safi. Nalipanda na Fatema, naye akaleta kahawa na kashata, akasema hawezi kukosa jambo linalomtoa Sidi jikoni. Mwezi ulikuwa mwembamba, umelala kama sahani iliyoinama. Lakini hebu nikuulize, mwalimu, kwa nini hukunambia kwamba ile sehemu yake ya giza nayo yaonekana? Nimeishi miaka yote hii nikidhani mwezi mchanga ni ule ukingo tu. Duara zima lilikuwapo, la kijivu, hafifu, kama sufuria lililozimiwa moto. Nimemwonyesha Fatema, naye hakuwahi kuligundua.

Mshtarii alikuwa juu yake kidogo. Mwezi ukawa wamsogelea polepole, nami nikaacha kunywa kahawa. Ile sehemu ya giza ndiyo iliyomfikia kwanza. Hakuzimika kwa mara moja. Alififia, akafifia tena, akawa nukta, kisha pale pakawa hapana kitu. Fatema akaniuliza, "Amekwenda?" Nikamwambia, "Amekwenda. Nimemwona akienda."

Tukateremka tukasali isha, tukarudi mbio. Mwezi ulikuwa umeshuka, wakaribia mapaa ya upande wa Bondeni. Nikadhani tumemkosa. Kisha kwenye ule ukingo mwangavu, upande wa chini, nikaona kitu kidogo kama uvimbe. Nikasubiri. Kikajitenga, kikawa Mshtarii mwenyewe, peke yake. Fatema ndiye aliyepiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaamka.

Hayo ndiyo niliyoyaona, sikuongeza wala sikupunguza. Wasomee.

Na jingine. Nimemwomba Ghulam ruhusa ya Agosti, kwa kuwa wasichana watakuwa likizo nawe ulinambia ulipokuwa hapa kwamba utabaki huko kusahihisha mitihani. Nataka kuona hilo anga lisilo na taa. Usije kunipokea Nairobi, ni kupoteza siku bure. Vibao vya mabasi navisoma mwenyewe, hata vile vya mbali. Wewe nitayarishie godoro, uliweke nje.

Shangazi yako,
Sidi