Nafasi ya Mzee Hashimu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea haya. Habari za Maretadu? Nimesikia mvua imekata mapema na maharage yamenyauka kabla ya kuweka maganda. Mguu wako je? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Dongobesh imesaidia, au bado unamdanganya mama kwamba hauumi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Barua hii anakuletea Juma, yule kijana wa Katesh ambaye baba yake anauza vitenge. Mkataba wake umeisha. Kwenye simu nisingeweza kusema, maana huku tunapiga tukiwa tumesongamana kwenye kontena moja na kila mtu anasikia. Uliniuliza kuhusu Daniel. Ulisema mdogo wangu ameiva kwenye uashi, anakaa bure, na uko tayari kuuza dume la ng'ombe apate nauli ya kunifuata huku Iraq. Nafasi ipo, Baba. Msimamizi mwenyewe aliniuliza kama nina ndugu anayejua kupanga mawe. Ila kabla hujalipeleka dume mnadani, nisome mpaka mwisho.

Tunajenga shule iliyobomolewa na mabomu, ikakaa kifusi miaka yote hii. Vita vyenyewe mpaka leo watu wanabishana. Wapo wanaosema vilikuwa vya haki, wapo wanaosema sababu zake zilitungwa. Mimi ni mwashi, kesi hiyo siiwezi. Ninachokiona ni kwamba kampuni yetu imetoka katika mojawapo ya nchi zilizoleta majeshi, saruji ni yao, wahandisi ni wao, na sisi wa kubeba tumeokotwa kwenye nchi maskini huku na kule. Wenye mtaa wanatutazama kutoka nje ya uzio. Juma aliuliza kwa nini hawapewi kazi, akaambiwa hawaaminiki.

Mmoja wao ni mzee Hashimu. Ni mwashi, na shule ile ya zamani aliijenga yeye na baba yake. Kila asubuhi alikuja akashika nyaya za uzio, akatuangalia. Siku moja akaanza kupiga kelele na kuonyesha kidole. Juma ana Kiarabu cha madrasa, cha kubabaisha, akaenda kumsikiliza.

"Kaka, huyu mzee anasema jiwe lako umelisimamisha kwa ubavu, matabaka yake hayakulala," Juma akaniambia. "Anasema baridi ikiingia litapasuka."

Nikaangalia. Alisema kweli, Baba. Ni kosa ambalo wewe ungenichapa kwalo.

Tangu siku hiyo nikawa namwamkia. Sikujua salamu yao ya wakubwa, kwa hiyo niliinamisha kichwa na kusema shikamoo, naye akawa anajibu kwa maneno yake. Juma alikuwa akinitania kwamba sisi Wairaqw hujisifu kuwa wazee wetu walitoka huku, basi nimwombe mzee anionyeshe shamba la babu. Tulicheka, na yeye akacheka bila kuelewa.

Unakumbuka moto wa shamba la Gwandu ulipounguza nyumba ya mzee Bura? Gwandu alikana, akasema ni upepo. Ubishi ule haukuisha. Hata hivyo wazee walimwagiza alete miti, na siku ya kujenga pombe ilipita mbele yake asipewe, kwa sababu huwezi kunywa kwenye msiba uliouleta mwenyewe. Na mzee Bura hakuachwa akae pembeni. Wewe ulimpa jiwe la kwanza la kona akaliweka kwa mkono wake, ndipo tukaanza. Mimi nilikua nikijua kwamba ndivyo nyumba inavyoanza, kila mahali.

Basi tulipofika kona ya mashariki nilifungua geti dogo, nikamwita mzee Hashimu, nikampa jiwe. Alilishika kwa muda mrefu. Alilipangusa vumbi kwa kanzu yake, akaliweka sawasawa, machozi yakamtoka. Nilifurahi siku nzima. Nilijiona nimefanya jambo la kwetu.

Sikufikiri kwamba yeye hajui la kwetu. Kwake, fundi aliyemfungulia geti na kumpa jiwe amempa kazi. Kesho yake alikuja na mfuko wa nyundo na patasi, ameoga, amevaa viatu, na nyuma yake majirani watatu aliowaambia kwamba sasa wenyeji wanachukuliwa. Walinzi wakamzuia. Akawa ananinyooshea kidole na kurudia neno moja, na Juma hakuhitaji kunitafsiria kwamba anasema namfahamu.

Msimamizi akaniuliza, "Ni wewe uliyemwingiza? Unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa kurudishwa, na pasi yangu wanayo wao, mkataba ukivunjwa wanairudisha wakitaka. Walinzi walimsukuma, mzee akashikilia nguzo ya geti, mmoja akampiga mkononi kwa kitako cha bunduki. Mkono wa kulia. Juma anasema alisikia mfupa ukivunjika. Majirani walimbeba, na mfuko wa vyombo ukabaki pale getini hadi mtu wa kampuni akautupa kwenye gari la kifusi. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi.

Jioni ile ile msimamizi alinisifu kwamba najua kutunza kazi. Akasema ukuta wa mawe unachelewa, anahitaji mwashi mmoja zaidi, na kama nina ndugu nimlete. Hiyo ndiyo nafasi ya Daniel. Mwashi anayeijua kazi anakaa mtaa wa pili, na mkono wake umevunjwa.

Usiuze dume, Baba. Daniel akikasirika mwambie ni mimi niliyekataa, na mpe barua aisome mwenyewe. Mimi nitamaliza miezi iliyobaki, maana njia nyingine sina, halafu nitarudi hata kama ni kuchonga mawe ya kusagia.

Nisalimie mama, shangazi wa Masakta, mjomba na watu wake wa Basotu, na katekista aniombee bila kuuliza kwa nini. Juma anaijua habari yote, mpe chai usimhoji sana.

Nimekwenda mara mbili kumtafuta mzee Hashimu, siku za Ijumaa tunaporuhusiwa kutoka. Mlango ulifunguliwa na mkewe. Mara zote mbili aliniangalia, akaita ndani, nikasikia sauti ya mzee ikijibu. Neno lile la getini nimejifunza sasa. Alisema hanifahamu.

Mwanao,
Paskali