Kipande cha Sukari cha Tammo

Göteborg, 8 Oktoba

Baba,

Hujambo? Natumai mafua yamekuachia na boila imetengenezwa. Mimi mzima. Kazi ya kutengeneza kreni hapa bandarini inaniweka juu kutwa nzima, na upepo wa huku hauna adabu.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hata ya kujuliana hali. Tangu mazishi ya Mama imekuwa hivyo. Kwa barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Ahsante kwa kuwapokea Tammo na Eiko; mwenye nyumba wangu hataki kuwaona. Najua kwako degu ni panya tu wenye mikia ya brashi. Lakini hawa ni ndugu. Wanachanana manyoya, wanalala wamelaliana, wanaongea kutwa. Ukiwasikia wanalia kama ndege wadogo, ujue wametulia. Mlio mkali unaorudiwarudiwa, kuna kitu kimewatisha. Usimshike yeyote mkia, ngozi yake huchomoka ikabaki mkononi mwako. Usiwape kitu kitamu, hata zabibu moja, miili yao haiwezi sukari. Na kubwa kuliko yote, asibaki mmoja peke yake.

Mwanao,
Hilke


Leer, 29 Oktoba

Mwanangu Hilke,

Salamu nyingi. Mafua yameisha, boila bado. Fundi alikuja, akaitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Hiyo nayo siku hizi ni kazi.

Hao panya wako wananichekesha. Nikiingia sebuleni wanasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, kama wazee wa kanisa wanaosubiri mchungaji amalize. Eiko ni mwoga. Tammo ana mambo yake: saa tisa nikileta birika la chai, anakuja kwenye wavu na kusubiri. Anaijua ile sauti ya sukari ya mawe inapopasuka kwenye chai ya moto. Mama yako alikuwa anafumba macho kuisikiliza. Sasa tunaisikiliza mimi na Tammo. Kiti cha mama yako sijakiondoa, kizimba nimekiweka kando yake.

Usipande kreni bila kofia.

Baba yako


Göteborg, 12 Novemba

Baba,

Habari za huko? Huku theluji imeanza, mimi sijambo.

Nina swali moja tu. Tammo akija kwenye wavu saa tisa, huwa unampa nini?

Mwanao,
Hilke


Leer, 14 Januari

Mwanangu Hilke,

Salamu. Mimi mzima, ingawa naona aibu kuanza na hilo.

Uliniuliza swali nikakaa kimya miezi miwili. Jibu ni hili: nilikuwa nampa sukari. Kipande kidogo kama ukucha, kila siku saa tisa. Alikuwa anakishika kwa mikono miwili, anakigeuzageuza, nami nakunywa kikombe changu, nasahau kwamba niko peke yangu. Barua yako ilipofika niliacha kwa wiki moja. Akawa anasimama pale kwenye wavu ananitazama. Nikarudia.

Krismasi akaanza kunywa maji kupita kiasi, macho yakafanya ukungu mweupe. Daktari wa wanyama alisema ni kisukari, akaniuliza anakula nini. Mimi, mzee wa miaka sabini na tatu, nikamdanganya daktari wa panya. Tammo amekufa jana. Nimesoma kwamba ni vizuri aliyebaki aachiwe mwili kwa saa chache ili ajue, basi nikafanya hivyo. Eiko alimchana shingo kwa muda mrefu, kisha akamsukumia nyasi kavu. Tangu hapo hajatoa sauti.

Nimemuua kwa kumdekeza. Na wewe siku ya mazishi nilikuambia mbele ya shangazi zako wote kwamba mama yako alikufa akitazama mlango kwa ajili yako. Ukaweka kijiko kikombeni baada ya kikombe cha kwanza tu, wakati desturi yetu ni vitatu, kama mtu aliyekwisha kutosheka na chai yetu na sisi pia, ukaondoka. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa, basi. Leo wa kulaumiwa ni mimi, na najua inavyouma. Nisamehe kwa yote mawili.

Baba yako


Leer, 20 Februari

Hilke mwanangu,

Hujambo? Wiki tano sasa sina jibu lako. Sikulaumu.

Eiko aliacha kula. Nikampigia simu Bi Theda Groenewold wa Emden, mama anayewapokea degu wasio na pa kukaa, nikamwomba amchukue. Kumletea mwenzake sikutaka. Akifa mmoja inabidi uongeze mwingine, na katika mchezo huo atakayeishia njiani ni mimi.

Alikuja na futi ya kupimia. Akapima kizimba urefu, kimo, hata kina cha mchanga wa kuogea. Halafu akaketi.

“Kizimba kizuri. Yule mwingine alikufa na nini?”

Nikamweleza yote, sikuficha. Nilidhani atanyanyuka na Eiko wake waende.

“Mzee Folkert,” akasema, “karibu wote wanaofika kwangu waliharibiwa na mtu aliyewapenda. Bakuli la sukari litakaa wapi?”

“Kabatini.”

“Kabati lipi?”

“La jikoni, la juu kabisa. Mpaka nipande ngazi.”

“Basi andika hivyo kwenye mkataba. Eiko atabaki kwako, nami nitamletea mwenzake.”

Nikaandika. Pia imeandikwa kwamba nikifa degu wote wawili wanakwenda kwake, kwa hiyo sina tena kisingizio. Sasa nakunywa chai bila sukari. Majirani wakijua watasema nimehama Ostfriesland, maana huku kwetu chai bila sukari ya mawe si chai.

Ameniletea dume mzee anaitwa Hayo. Tumeweka wavu katikati, na kila siku nawabadilisha pande ili kila mmoja alale kwenye harufu ya mwenzake. Eiko anasaga meno na kutikisa mkia. Bi Theda anasema nisiwaharakishe, na wakiumana hadi damu tunaanza upya. Nasubiri. Nakusubiri na wewe.

Baba yako


Göteborg, 3 Machi

Baba mpendwa,

Sijambo, usiogope. Barua yako ya Januari niliisomea juu ya kreni, nikashindwa kushuka. Mwenzangu alipanda kunifuata.

Sikunyamaza kwa hasira. Kuna jambo nami nimelificha. Uliponipigia Alhamisi ile asubuhi kwamba Mama amezidiwa, ndege ilikuwepo mchana, na tiketi nilikuwa nimekwisha kukata. Halafu nikamwambia msimamizi kwamba naweza kufanya zamu ya Ijumaa. Hakuniomba, nilijitolea mwenyewe. Niliogopa kumwona Mama katika hali ile. Nilipofika Jumamosi alikuwa hayupo tena.

Ulichosema mazishini kilikuwa kweli, ndiyo maana nilishindwa kukusamehe. Wewe umemwambia Bi Theda ukweli na Eiko akabaki kwako. Mimi sijui nikikuambia wangu utafanyaje.

Mwanao, kama bado,
Hilke


Leer, 19 Machi

Mwanangu Hilke,

Salamu nyingi. Boila imepona, magoti yangu hayajapona.

Jana tuliondoa wavu. Bi Theda alishika taulo, mimi nilivaa glavu za bustani, tayari kuamua ugomvi. Walizungukana. Hayo akampanda mgongoni, Eiko akapiga kelele, nikanyoosha mkono, Bi Theda akaupiga kofi. Kisha Hayo akalala chini, akainua kidevu kama mtu kwa kinyozi, na Eiko akaanza kumchana shingo. Na akaongea. Miezi miwili alikuwa bubu, leo nimeshindwa kusikia habari redioni kwa ajili yao.

Kuhusu ile Alhamisi: nimeisoma barua yako mara tatu. Imeniuma, sitakuambia haikuniuma. Nililia kwenye kiti cha mama yako. Halafu nikachukua ngazi, nikashusha bakuli la sukari kwa ajili yako. Bi Theda ametoa ruhusa kwa maandishi, siku za Pasaka tu, na yeye mwenyewe atakuja kukagua.

Njoo Pasaka. Tutakunywa vikombe vyetu vitatu, na hakuna kuweka kijiko kabla ya cha tatu. Tukiumana hadi damu, tutaanza upya kesho yake.

Baba yako