Mkwe Aliyenyamaza Barazani

Jumatatu, 9 Juni 1952

Baraza limekwisha mapema leo, Mungu ashukuriwe! Kesi tatu tu. Mbuzi wa watu kula ulezi wa watu — wamesameheana. Mke kumtupia mume mwiko — wamecheka wote, hata mume mwenyewe. Ya tatu ni baiskeli ya Enoka, fundi cherehani wa hapa Mpemba. Iliibwa nje ya duka Jumamosi tarehe 31, saa sita mchana. Mshtakiwa ni Yonasi, mkulima, mtu mpole, anachechemea mguu. Shahidi anasema alimwona mtu kama yeye, kwa mgongo, akiisukuma.

Hakimu wetu, mzee Boazi, akamwuliza: uliiba? Kimya. Fides, mkewe, akapaza sauti kutoka mlangoni: siku hiyo mume wangu alikuwa Mlowo kwa mama, anaezeka ghala la ulezi! Mzee akauliza tena: haya Yonasi, ulikuwa ukweni? Kimya! Anatazama vidole vyake vya miguu. Mzee Boazi akanigeukia: karani, kimya kinaandikwaje? Nami kwa ujuaji wangu — mzee, binti akija kuposwa, akiulizwa akanyamaza, si ndiyo amekubali? Baraza zima likaangua kicheko. Nikaandika: "Mshtakiwa amekubali kosa." Mwandiko wa kulala, kila herufi imekaa mahali pake.

Miezi sita, jela ya Mbeya. Atapelekwa Jumatano ya wiki ijayo, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akishapita Jumanne kukagua kitabu cha kesi. Nimekula ugali na kunde, nimelala kama gogo.

Jumatano, 11 Juni

Yonasi analima bustani ya baraza. Halalamiki. Nimempa tumbaku, nikamtania: baiskeli umeificha wapi, bwana? Akasema, karani, mimi baiskeli hata kupanda sijui. Sasa mbona hukusema hivyo barazani? Akarudi kwenye jembe lake. Ah! Watu wengine hujitakia wenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Leo sina amani hata kidogo. Na nimecheka. Vyote viwili!

Mchana mama mmoja mtu mzima kashuka kwenye lori la Mlowo, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuja barazani. Kaenda moja kwa moja jikoni kwa mke wangu Tabita. Ni Anastazia, mama yake Fides — mama mkwe wa Yonasi. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango kusikiliza. Karani wa serikali! Mpaka Tabita akaita: ingia tu, baba Priska, kuku wenyewe wamekuona.

Habari ndiyo hii. Huku mkwe na mama mkwe wake hawaonani uso. Mkwe akija kufanya kazi, mama anaondoka nyumbani, chakula anamwachia juu ya jiwe. Jumamosi ile mama alidhani kijana ameshamaliza. Akapanda, akaingia ghalani kuchota ulezi. Kumbe Yonasi yuko juu ya paa! Mwamba wa paa ukavunjika. Puu! Akamwangukia mama mkwe wake, wote wawili wakazama ndani ya ulezi mpaka kifuani. Mguu ndipo ulipoteguka. Na ilikuwa saa sita ile ile! Kutoka pale mpaka Mpemba ni mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Tabita alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mwenyewe akacheka, upindo wa nguo mdomoni. Kisha akalia. Anasema waliapiana pale pale, kila mtu akitazama upande wake, kwamba neno hili halitatoka. Hata Fides aliambiwa mguu umetegukia njiani. Angesema tu "nilikuwa ukweni", angeulizwa nani alikuona, naye mama angeitwa mbele za watu.

"Mtoto wa watu anakwenda jela kutunza heshima yangu," akasema. "Mimi nitakula nini kikapita kooni?"

Na mimi je! Kwetu Mbebe ni mke wa mwana ndiye anayemkwepa baba mkwe. Dada yangu aliwahi kuruka mtoni na mzigo wa kuni kichwani asikutane na mkwewe njiani. Kwa hiyo najua. Najua kabisa ukwe unavyofunga mdomo. Nilijua, nikafanya mzaha wa posa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwa mzee Boazi. Alikuwa anakunywa togwa, akanikaribisha vizuri. Nilipomaliza kusema akaweka kata chini. Bwana Shauri akiona "amekubali" hahitaji mashahidi, anatia sahihi tu, mzee anasema. Kitabu kimeshaandikwa. Na wewe Lusubilo, ukisema uliandika neno ambalo mtu hakulitamka, kazi huna.

Miaka kumi na moja katika kazi hii! Nikamweleza Tabita. Akasema, basi tutalima kahawa. Kwa urahisi hivyo! Nikamwuliza nani atalima. Akasema, wewe, mikono si unayo?

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia neno hata moja. Naukasirikia mwandiko wangu. Uongo kuandikwa vizuri namna ile!

Jumanne, 17 Juni

Naandika hapa hapa barazani, daftari juu ya goti, chini ya meza. Siwezi kungoja jioni.

Bwana Shauri alifika saa tatu. Alipofungua ukurasa wa Yonasi na kushika kalamu, nikasimama. Nikasema: huyu mtu hakukubali. Alinyamaza. Hilo "amekubali" ni langu mimi. Mzee Boazi akafumba macho. Bwana Shauri akavua miwani. Akasema shauri langu lina siku yake. Kwanza la huyu. Kesi ianze upya.

Nimesema! Sasa hata nikilima kahawa, sawa.

Hapo ukaja mkasa mwingine. Mama Anastazia yuko tayari kusema yote, ila mkwewe hawezi kumtazama. Mzee Boazi: shahidi lazima aonekane. Bwana Shauri: na mshtakiwa lazima amsikie. Wakabishana weee! Mwisho Tabita kaleta mkeka wetu wa kulalia, tukautundika katikati ya chumba. Upande huu mkwe, upande ule mama mkwe, Bwana Shauri amesogeza kiti ukingoni, anaona huku na huku kama mwamuzi wa mpira.

Mama hakubakiza kitu. Paa, ulezi, kuzama! Watu wamecheka mpaka tarishi amepiga kengele. Enoka mwenye baiskeli kacheka kuliko wote. Hata shahidi wake sasa anasema, aah, mgongo ni mgongo tu, huenda alikuwa mtu mwingine.

Kisha Bwana Shauri akamgeukia Yonasi. Mama huyu aweza kusema lolote akuokoe, akasema. Nataka kusikia kwako. Ilikuwa hivyo? Neno moja tu.

Na Yonasi — kimya!

Jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya Mpemba yote alipoangukia. Watu wameacha kucheka. Fides ameshika mlango kwa mikono miwili, midomo inamchezacheza, anamsemea neno lisilotoka.

Mzee Boazi ameniinamia sasa hivi. Ananong'ona: andika amekubali, Lusubilo. Safari hii linamfungua. Nani atakulaumu?

Kweli, nani? Mkono umekwenda wenyewe mpaka kwenye kitabu cha kesi. Wino ulishagusa. Nimeurudisha.

Tarishi ameingia na chai ya Bwana Shauri, inapoa mezani. Na ipoe. Tunamngoja Yonasi.