Programu Isiyo na Kosa

Jumatatu, 8 Oktoba 2007
Nimekuwa mratibu! Kuna programu ya bure ya kutafutia ndugu waliopoteana ukimbizini. Wameiandika watu wa kujitolea huko Ulaya, na yeyote ruksa kuifungua na kuirekebisha. Inatolewa Jumamosi. Mimi nikusanye wakimbizi wa Burundi wa kambi ya Lukole, waijaribu, waseme inakwama wapi. Mimi Wiston, mwalimu wa hesabu wa Mugoma, naandikiana na Wajerumani! Nimenyoa ndevu kabla ya kutuma barua pepe. Sijui nani angeziona.

Jumatano, 10 Oktoba
Wamejaa ukumbi wa parokia. Nimewakaribisha kwa ndizi, maharage, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo ya kuchangamsha vidole. Wakala, wakajaribu. Nikauliza kasoro. Mzee Evaristi wa kambini akasimama kwa niaba ya wote: programu nzuri mno, Mungu anibariki. Makofi! Nimewaandikia Wajerumani: Ngara, hakuna kosa hata moja.

Alhamisi, 11 Oktoba
Aibu tupu. Mke wangu Verediana kanicheka mpaka kakaa chini. Eti ule chakula cha mtu halafu umwambie kazi yake mbovu — umelelewa wapi? Na mimi Mhangaza mzima, mzaliwa wa hapa Ngara, nilisahau!

Yeye wamemwambia kasoro, jikoni. Kaneza na dada yake Nimpaye, tumbo moja, wameketi benchi moja, walitafutana kwenye programu. Mashine ikasema hawana ndugu. Inatafuta kwa jina la ukoo! Warundi kila mtoto ana jina lake, si la baba. Naita majina yao darasani kila asubuhi, nisione. Kichwa maji.

Lakini si la kucheka. Wanamtafuta mdogo wao Ndayisenga, walipoteana kule Kabanga, mpakani. Naye wameambiwa hayumo. Basi wamekata tamaa: kesho wanapanda lori la kurudi Burundi. Roho inaniuma sana.

Nimewaandikia Wajerumani: msiitoe! Hawajajibu.

Ijumaa, 12 Oktoba
Nimepekua kwa macho majina yote yaliyomo kwenye programu. Akina Ndayisenga wengi kama mchanga. Mmoja tu mama yake ni Ernesta, kama mama yao — kaandikishwa Lusahunga, kituo cha malori, na Privatus, mratibu mwenzangu. Kijana huyo anauzia madereva mahindi ya kuchoma.

Nikakimbia na baiskeli hadi kwenye lori lao. Injini inanguruma, nikapiga kelele: shukeni, mashine mbovu, mimi mbovu zaidi! Wameshuka na sufuria zao. Lori limeondoka.

Sasa tumekaa kando ya barabara, naandika huku tukingoja simu. Nimempigia Privatus; kaenda kumwita kijana, atapiga. Nimpaye ananiuliza: Mwalimu, una hakika ni yeye? Nimesema ndiyo. Sina hakika. Akina Ernesta nao si haba!

Simu inalia. Nimempa Kaneza, mimi sithubutu. Amesema Kirundi, maneno mawili matatu: amemuuliza alipotea wapi. Anasikiliza. Amemshika dada yake mkono, anarudia, "Kabanga," bado anasikiliza —