Mzee Delbert Avuka Barabara

Lorna uko?

Mzee Delbert kanipigia video sasa hivi, pumu imembana, inhela yake imeisha. Nikamuuliza, uko wapi? "Kwa dada yangu, barazani."

Kwa dada yake! Ng'ambo ya barabara! Shoga, barabara ile ndiyo mpaka wa majimbo, upande ule ni Missouri, na sheria hufuata alipo mgonjwa. Huku Kansas naandika dawa mwenyewe, lakini kule muuguzi kama mimi bila daktari wa kumsimamia haruhusiwi hata kidogo.

Nikamwambia nakuitia ambulensi. Kakataa katakata. Basi nikamwambia, Lorna, kweli haya maneno nimeyatamka mimi: "Vuka barabara urudi kwako."

"Binti, unanitania?"

"Sikutanii, baba."

Akanyanyuka. Simu inayumba, naona lami, naona ndara zake, nasikia kifua kinalia kama filimbi. Gari likapiga honi. Nikafumba macho. Mimi! Muuguzi mzima, nimefumba macho!

Nikayafumbua.

Kisha uso wake ukajaa kwenye simu, midomo imepauka, anahema.

"Nimefika Kansas, binti. Sasa umeshakuwa muuguzi?"